Uvimbe Mkubwa Ulitoka, Damu Ikabaki

Alikuja na bahasha mbili za kaki. Ya kwanza, nene, ilikuwa na karatasi za upasuaji wa miezi mitano nyuma: uvimbe wa kizazi umetolewa, gramu 390, maabara imesema si saratani. Ya pili ilikuwa na karatasi moja tu, kipimo cha damu cha juzi yake: himoglobini, yaani wingi wa damu, 7.4, chini sana. Akaziweka mezani, ya pili juu ya ya kwanza.

"Daktari, nilipasuliwa ili damu ikatike. Haijakatika. Sasa nilipasuliwa kwa ajili gani?"

Ana miaka 38, mtoto mmoja wa miaka 9, na anatamani wa pili. Tangu usichana hedhi yake ilikuwa ya siku 5, haina makuu. Miaka miwili kabla ya upasuaji ikaanza kurefuka, siku 7, kisha 9, na mabonge ya damu ya ukubwa wa kidole gumba.

Vitabu vinasema damu ya hedhi ikizidi mililita 80 ni nyingi. Hicho ni kipimo cha watafiti; sijaona bado mwanamke aliyeniletea damu yake kwenye kopo la kupimia. Ninachouliza mimi ni unalalaje, unavaa nini, na kwenye kikao unakaa wapi. Yeye alilalia taulo jeusi lililokunjwa mara mbili. Alivaa pedi mbili kwa pamoja, na siku ya pili na ya tatu alizibadilisha kila saa. Kazini alichagua kiti cha karibu na mlango. Nilipomuuliza kama kuna kitu cha ajabu anachopenda kutafuna, alicheka kwa aibu: barafu, bakuli zima kwa siku. Hamu hiyo huja akiba ya chuma mwilini inapokauka, na mara nyingi huondoka chuma kikirudi, hata kabla himoglobini haijapanda.

Kabla ya upasuaji alikuwa na lalamiko la pili, la mkojo. Aliamka mara nne kila usiku. Naomba msomaji ayatenge malalamiko haya mawili, kwa sababu kule alikotoka yalitiwa kapu moja.

Hospitali ya kwanza siitaji, wala sina ugomvi nayo. Walimpapasa tumbo wakakuta kizazi kina ukubwa wa mimba ya wiki 16. Ultrasaundi ya juu ya tumbo ikaonyesha uvimbe mmoja wa sentimita 9.4 kwa 8.8, umechomoza nje ya ukuta wa juu wa kizazi. Himoglobini 6.8. Mwanamke anatokwa damu, mwanamke ana uvimbe kama kichwa cha mtoto mchanga: nani angetafuta zaidi? Akaongezewa chupa mbili za damu, akapasuliwa, uvimbe ukatolewa, kizazi kikashonwa na kubakizwa. Ilikuwa kazi safi. Kidonda kilipona bila usaha, na tangu siku hiyo analala usiku kucha bila kwenda chooni.

Hedhi ya kwanza baada ya kupona ikaja na mabonge yale yale. Akaambiwa mwili haujatulia. Ilipofika ya tatu akaambiwa labda uvimbe umerudi. Ultrasaundi ya juu ya tumbo ikarudiwa siku chache kabla ya hedhi, ripoti ikasomeka hivi: uvimbe haujaonekana, utando wa ndani wa kizazi ni mnene, milimita 19. Akapewa vidonge vya chuma na kuambiwa asubiri.

Uvimbe uko wapi, si una ukubwa gani

Neno "umerudi" lilimtesa kuliko damu yenyewe, maana aliyesikia uvimbe umerudi husikia saratani. Kwa hiyo tulianza na hilo.

Faibroidi ni uvimbe wa misuli laini ya ukuta wa kizazi. Huanza na seli moja iliyopata hitilafu kwenye jeni zake (katika karibu asilimia 70 ya faibroidi, jeni iliyoguswa ni ile iitwayo MED12), kisha seli hiyo hujizidisha ikichochewa na estrojeni na projesteroni. Ndiyo maana faibroidi hazionekani kabla ya kuvunja ungo, na hedhi ikikoma kwa umri nazo kwa kawaida husinyaa. Kila moja ina seli-mama yake. Faibroidi tatu ndani ya kizazi kimoja ni majirani, si mama na watoto. Hazizaani wala hazitumani. Ukiikata moja, nyingine haiotei pale pale kwa hasira, kama wengi wanavyodhani. Mpya zinaweza kuota miaka ya mbele, ni kweli, lakini uvimbe wa kuleta mabonge wiki sita baada ya upasuaji haukuota baada ya upasuaji. Ulikuwepo.

Tena ni uvimbe wa kawaida mno. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, karibu asilimia 70 ya wanawake weupe na zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nazo, na wengi hawana habari. Basi kukuta faibroidi kwa mwanamke anayetokwa damu ni sawa na kukuta nyayo kwenye njia kuu. Mtu amepita, ndiyo. Lakini je, ni huyo unayemtafuta?

Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, huzipanga faibroidi kwa namba, kuanzia 0 hadi 8, na namba hizo hazisemi lolote kuhusu ukubwa. Zinasema mahali. Namba 0 inaning'inia ndani ya uwazi wa kizazi kwa kikonyo. Namba 1 imeingia kwenye uwazi kwa zaidi ya nusu yake, na namba 2 iko ukutani kwa nusu au zaidi. Namba 3 na 4 zimezikwa ndani ya ukuta. Kuanzia 5 zinaelekea nje, na namba 7 inaning'inia nje kwa kikonyo. Namba 8 ni zile za pembeni, kama za shingo ya kizazi.

Ule wa gramu 390 ulikuwa namba 6, sehemu kubwa yake nje. Huko nje, kilicho jirani yake ni kibofu, utumbo na mishipa ya nyonga. Ukikua utakandamiza, mwenye nao ataamka usiku kukojoa, atafunga choo, nguo zitambana kiunoni. Lakini utando unaomwaga damu ya hedhi uko upande mwingine wa ukuta, na uvimbe wa namba 6 haukaribiani nao. Uvimbe huo uliposhtakiwa kwa mkojo, niliamini. Uliposhtakiwa kwa damu, nikaona ushahidi ni mdogo.

Kutafuta

Kabla ya kushika mashine yoyote, kipimo cha mimba. Kila mara, hata kwa anayeapa. Hakuwa na mimba. Shingo ya kizazi ilikuwa safi.

Mwaka 2011 FIGO waliweka orodha ya visababishi tisa vya damu isiyo ya kawaida kutoka kizazini: vinne vina umbo, unaweza kuvinyooshea kidole, na vitano havina. Vile visivyo na umbo niliviondoa kwa mazungumzo zaidi kuliko kwa maabara. Je, damu yake haigandi vizuri? Mwenye ugonjwa huo mara nyingi hutokwa damu nyingi tangu hedhi ya kwanza. Huyu alikaa zaidi ya miaka 20 bila shida, aling'olewa jino, akajifungua, akapasuliwa tumbo, na hakuna palipovuja kupita kiasi. Mayai hayapevuki? Hedhi yake ilikuja kila baada ya siku 28, mtu ungeweza kurekebishia saa. Dawa? Hakuna. Nikachukua kipande cha utando kwa mrija mwembamba, kwa kuwa matibabu ya awali yalishindwa na unene wa milimita 19 ulihitaji maelezo. Majibu: utando wa kawaida. Mrija ule una tabia moja, hukwangua utando laini na kuteleza pembeni mwa kitu kigumu. Majibu mazuri ya mrija hayafuti uvimbe.

Nikamwomba arudi siku ya saba ya mzunguko, hedhi ikiwa inakatika, utando ukiwa mwembamba. Nusu ya kosa la kipimo kilichopita ilikuwa siku yenyewe: utando ulioumuka mwishoni mwa mwezi ni kama blanketi, huficha kilicho chini yake. Nusu nyingine ilikuwa njia. Kifaa kikiwekwa juu ya tumbo hutazama kizazi kwa mbali, na tumbo hilo lilikuwa na kovu jipya. Safari hii kifaa kilipita ukeni, na nikaingiza maji ya chumvi kidogo ndani ya kizazi kupitia mpira mwembamba, kuta zitengane.

Mililita chache tu. Uwazi ukafunguka, mweusi kwenye skrini, na kutoka ukuta wa nyuma kikajitokeza kitu cha mviringo, cha kijivu, kimekaa kwa kitako kipana, kivuli kikianguka nyuma yake. Sentimita 2.3. Zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya uwazi, yaani namba 1. Utando uliokifunika ulikuwa uzi tu. Nikamgeuzia skrini. Akakitazama kimya, kisha akapima kwa kidole gumba na cha shahada hewani.

"Hiki?"

Hiki.

Kitu kidogo namna hiyo kinamwagaje damu kiasi hicho? Sehemu ya jibu ni ya kimekanika. Kinapanua eneo la utando unaobomoka kila mwezi, kinaziminya vena za jirani zikatuna, na kinavuruga mikazo ya ukuta inayosaidia kufunga mishipa. Sehemu ya pili imefahamika zaidi miaka ya karibuni, na ndiyo inayonivutia. Faibroidi hutoa kemikali, mojawapo ni TGF-beta 3, zinazopunguza kwenye utando zile protini za kuratibu ugandaji wa damu. Kemikali hizo hazibaki pale uvimbe ulipo. Utando wote hupata habari, hata ule wa ukuta wa mbele ambao haugusi chochote.

Daktari aliyempasua mwanzo asingeweza kuuona. Alifanya kazi kwa nje, hakufungua uwazi wa kizazi wala hakuwa na sababu ya kuufungua. Vidole vyenye glavu vikipapasa kizazi kilichobeba donge la gramu 390 havisikii punje ya sentimita 2 kwenye ukuta wa nyuma. Kosa, kama tunalitaka, lilikuwa kabla ya kisu: hakuna aliyetazama ndani.

Kutibu

Hapa nitapita haraka, maana uamuzi haukuwa mgumu. Kuondoa kizazi hakukujadiliwa zaidi ya dakika moja, anataka mtoto. Kitanzi chenye homoni kingezuia mimba, na penye uvimbe wa ndani huchomoka kirahisi. Kuziba mishipa inayolisha uvimbe si chaguo langu la kwanza kwa anayetafuta mimba. Faibroidi ya namba 1, ndogo hivi, hutolewa kwa njia ya ukeni kwa kamera, bila kupasua tumbo.

Kilichotaka subira ni damu yake. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 4. Vidonge vya chuma alikuwa akivimeza na kuvitapika, kwa hiyo chuma kiliingizwa kwa mshipa, na kila hedhi ikianza alitumia asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu, kwa siku nne. Wiki saba baadaye himoglobini ilifika 10.8. Barafu aliiacha mwisho wa wiki ya pili, akanipigia simu kunieleza hilo tu.

Upasuaji ulichukua dakika 35. Kamera inaingia kupitia mlango wa kizazi, maji ya chumvi yanafungua uwazi, na kitanzi cha waya wa umeme kinachonga uvimbe pande kwa pande kama randa inavyochonga mbao. Muuguzi mmoja kazi yake ni hesabu: maji yaliyoingia, maji yaliyotoka. Tofauti ndiyo iliyonyonywa na mwili wa mgonjwa, na kwa maji ya chumvi ikifika mililita 2,500 tunaacha, hata kama uvimbe umebaki. Yetu iliishia 700. Kitako cha uvimbe kilipochongwa, msuli wa kizazi wenyewe ukajikaza na kukisukuma nje. Ni jambo la kupendeza kulitazama, kizazi kikikitema chenyewe. Vipande vilipimwa kabla ya kutiwa kwenye fomalini: gramu 6.

Maabara

Ripoti ya uvimbe wa kwanza ilikuwa na sentensi iliyomkosesha usingizi. Alitafsiriwa kwamba ndani ya uvimbe "pameoza". Ripoti haikusema hivyo. Faibroidi ikikatwa katikati huwa nyeupe yenye ukijivu, ngumu kama mpira, imesokotwa kama kibonge cha uzi, na uso wake hutuna juu ya kisu kwa kuwa ilikuwa imebanwa. Ina mpaka: huchomolewa kutoka kwenye msuli jirani kama kokwa. Inapokuwa kubwa kuliko damu inayoifikia, sehemu zake huchakaa. Uchakavu wa kawaida kabisa ni ule wa hayalini, nyuzi zikigeuka kitu laini cha waridi kisicho na seli. Pengine hufuata mashimo yenye majimaji, kwa wazee chokaa, na wakati wa mimba uvimbe unaweza kuvilia damu ndani na kuwa mwekundu, na maumivu makali. Ule wa gramu 390 ulikuwa na hayalini na mashimo mawili ya majimaji. Umri na ukubwa, basi.

Saratani ya misuli hiyo, leiomayosakoma, ni ugonjwa mwingine. Mwanapatholojia huitafuta kwa mambo matatu chini ya hadubini: seli zenye viini vya ajabu, seli nyingi zinazogawanyika, na vifo vya seli za uvimbe vyenye mpaka mkali. Kwenye kile kikubwa hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Seli zinazogawanyika zilikuwa 1 katika maeneo 10 ya ukuzaji wa juu.

Kile kidogo kilileta simu. Mwanapatholojia alitaka kujua mambo mawili: mgonjwa alikuwa siku ya ngapi ya mzunguko, na alitumia dawa gani. Hakuuliza kwa udadisi. Kwenye slaidi aliona seli nyembamba ndefu zilizopangwa mafungu yanayopishana, viini vyake butu pande zote mbili kama sigara, picha ile ile ya kile kikubwa. Lakini alihesabu 3 zinazogawanyika badala ya 1, na karibu na uso paliku­wa na kisehemu kilichokufa. Faibroidi za ndani ya uwazi, hasa nusu ya pili ya mzunguko projesteroni ikiwa juu, hugawanyika zaidi na bado si saratani. Na asidi ya traneksamiki imewahi kuhusishwa na kufa kwa sehemu za faibroidi, vifo vya kukosa damu, ambavyo asiyejua habari ya dawa anaweza kuvitilia shaka. Nilimjibu: siku ya 20, na ndiyo, alitumia. Akashusha pumzi. Tangu siku hiyo fomu zangu za maabara zina tarehe ya hedhi ya mwisho na majina ya dawa, kwa herufi kubwa.

Ripoti ilipofika ilikuwa na mistari sita. Leiomayoma, jina la maabara la faibroidi. Seli hazina mabadiliko ya kutisha. Utando juu yake umekuwa mwembamba na kumomonyoka mahali pawili, na chini ya momonyoko vena zimepanuka, kuta zake nyembamba, mojawapo ikiwa na damu iliyoganda. Mstari huo nilimsomea mara mbili. Palepale ndipo alipokuwa akivuja.

Miezi mitatu baadaye hedhi ilikuwa siku 5, pedi nne siku ya wingi, himoglobini 12.9. Nilitazama tena ndani kwa kamera ndogo kuhakikisha kuta hazijagandana, hazikugandana. Akauliza alichokuwa akikizungusha kichwani tangu siku ya skrini: je, ule mkubwa alitolewa bure?

Nikamuuliza anaamka mara ngapi usiku.

"Siamki," akasema. Akafikiri. "Basi ule ulikuwa wa usingizi, huu wa damu."

Sikuwa na cha kuongeza. Mimba haijapatikana bado, na kwa upande wa kizazi sioni cha kuizuia. Kwenye faili lake, ukurasa wa mbele, nimechora kizazi kwa kalamu na kutia alama mbili: kovu moja nje, juu, la uvimbe wa namba 6, jingine ndani, ukuta wa nyuma, la namba 1, uwazi haukutobolewa hadi nje. Atakayemzalisha atataka kujua hayo kabla ya uchungu kuanza, na huenda asiwe mimi.